"Hali Imedhibitiwa": Kauli Isiyo na Mtenda

KUNA sentensi ambayo kila Mkenya aliyewahi kusikiliza redio wakati wa janga anaifahamu: "Hali imedhibitiwa." Nduguye huifuata papo hapo: "Hatua mwafaka zinachukuliwa." Kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua lugha, naona kwamba sentensi hizi mbili zastahili kufunzwa darasani, si kwa ufasaha wake bali kwa yale zinayoyaficha.

Mwanafunzi wa shule ya upili anajua kwamba katika kauli ya kutendwa, mtenda aweza kuachwa nje ya sentensi. Imedhibitiwa na nani? Zinachukuliwa na nani, tangu lini? Sarufi haimlazimishi msemaji kujibu. Kauli ya kutendeka huenda mbali zaidi: ukisema "mlango umevunjika", aliyeuvunja hana hata pa kuketi. Msiba unapotokea, serikali nyingi hukimbilia kauli hizi kama mtu akimbiliavyo mwamvuli.

Tuchukue mfano wa shambulio la Westgate jijini Nairobi, lililoanza Jumamosi, Septemba 21, 2013, na kuua watu 67. Jumapili jeshi lilitangaza kwamba limedhibiti sehemu kubwa ya jengo. Jumatatu tukaambiwa tena kuwa serikali imedhibiti hali, na huku moshi mzito ukitanda juu ya paa. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Joseph ole Lenku, alieleza kuwa moshi huo ulitokana na magodoro yaliyochomwa na magaidi. Alisema pia kwamba washambuliaji wote walikuwa wanaume, ilhali Waziri wa Mambo ya Nje, Amina Mohamed, aliiambia runinga ya Marekani kuwa miongoni mwao alikuwamo mwanamke Mwingereza. Maafisa walitaja washambuliaji kati ya 10 na 15. Picha za kamera za jengo baadaye zilionyesha wanne. Mzingiro ulitangazwa kumalizika Jumanne usiku.

Sehemu ya nyuma ya jengo nayo ilianguka. Je, iliporomoka au iliporomoshwa? Swali hilo la mnyambuliko wa vitenzi lilikuwa pia swali la uwajibikaji. Halikupata jibu la tume yoyote, kwani ile ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliahidi kuiunda haikuundwa.

Wala maradhi haya si yetu peke yetu. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka katika Muungano wa Kisovieti usiku wa Aprili 26, 1986, raia hawakutangaziwa hadi jioni ya tarehe 28, baada ya Uswidi kugundua miale hatari katika anga yake. Tangazo lenyewe lilikuwa la sentensi chache tu, na mojawapo ilisema kwamba hatua zinachukuliwa. Wakazi wa mji jirani wa Pripyat walikuwa wamehamishwa siku moja kabla ya tangazo hilo, wakidhani watarejea baada ya siku tatu. Hawakurejea.

Simaanishi kwamba serikali ifichue kila kitu. Mwanahabari anayeonyesha mahali wanapojibanza askari huku mateka wangali ndani anahatarisha maisha. Lakini kimya cha kulinda uhai ni tofauti na kimya cha kulinda cheo. Isitoshe, serikali inaponyamaza, wananchi hawanyamazi. Uvumi hujaza pengo hilo, na mzazi anayemtafuta mwanawe hana budi kuuamini.

Baada ya Westgate, dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuvifunga vyombo vya habari midomo. Sheria ya usalama ya Desemba 2014 iliweka adhabu kali kwa baadhi ya habari kuhusu ugaidi. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho Februari 2015. Ilikuwa sawa kufanya hivyo, kwani Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali yenyewe itangaze habari muhimu zinazoligusa taifa.

Wala kusema kweli hakuiangushi serikali. Katika shambulio la hoteli ya DusitD2, Januari 15, 2019, usiku tuliambiwa tena kwamba hali imedhibitiwa, na milio ya risasi ikaendelea kusikika. Hata hivyo, kesho yake Rais alitaja idadi ya waliofariki, 14. Ilipopanda, mkuu wa polisi alijitokeza akaisahihisha kuwa 21. Umma uliipokea idadi hiyo kwa majonzi, lakini uliipokea. Msemaji wa serikali hahitaji zaidi ya haya: aseme anachojua, akiri asichojua, na ataje saa atakayorudi kuzungumza.

Walimu wenzangu, siku nyingine mkifunza kauli ya kutendwa, wekeni kando mfano wa ugali uliopikwa na mama. Chukueni taarifa ya serikali gazetini, mwulize darasa: nani alitenda, wangapi waliathirika, na lini? Mwanafunzi atakayezoea kumtafuta mtenda katika sentensi hatashindwa kumtafuta katika taifa. Wahenga walitwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ole wetu ni kwamba maradhi yafichwayo na serikali huwaua wengine kwanza.