Bangi ya Kidato cha Tatu na Ndoto ya Urubani

Huenda nyumbani kwako kuna kijana ambaye tangu utotoni hawezi kusikia ndege ikipita kuelekea Wilson asikimbie nje kuitazama. Sasa amemaliza shule, alama zake za hesabu na fizikia si haba, nawe umeanza kuulizia bei ya shamba ili umlipie karo ya urubani. Kisha anakufichulia jambo. Alipokuwa kidato cha tatu alivuta bangi mara mbili tatu na wenzake nyuma ya bweni. Je, mambo yameharibika?

La, hayajaharibika. Wako wanaoamini kwamba aliyeionja bangi hata mara moja hubaki na alama yake katika damu maisha yake yote. Huo ni uvumi wa mitaani. Kinacholevya katika bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, ndiyo maana hukawia kutoka kuliko pombe. Hata hivyo, mkojo wa mtu aliyevuta mara moja kwa kawaida huwa safi baada ya siku tatu nne hivi. Mvutaji wa kila siku ndiye anayeweza kupatikana hata baada ya mwezi mzima. Nywele nazo hutoboa siri ya miezi mitatu hivi.

Kanuni zenyewe zinatoka ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa ndege. Katika orodha yake ya vileo, bangi imewekwa pamoja na pombe, kokeni, dawa za usingizi, hata vitu vya kunuswa. Kahawa na tumbaku zimesamehewa. Rubani hakubaliwi kurusha ndege akiwa amelewa chochote kati ya hivyo, na mtu ambaye ametawaliwa navyo, au ambaye vimemvuruga akili, hapewi cheti cha afya. Utaona basi kwamba daktari anataka kujua kama huyu ni mtoto aliyejaribu akaacha, au ni mraibu.

Linalowaponza vijana ni uongo. Chukua Marekani, ambako Wakenya kadhaa huenda kusomea urubani. Fomu ya afya ya huko humwuliza mwombaji kama ametumia dawa haramu katika miaka 2 iliyopita, na kama amewahi, wakati wowote ule, kupimwa akapatikana nazo. Kudanganya katika fomu hiyo ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5 na kumtoza faini ya hadi dola 250,000. Aliyevuta akiwa kidato cha tatu na sasa ana miaka 21 hana haja ya kuficha lolote hapo. Na asidanganywe na habari kwamba majimbo kama Colorado na California yamehalalisha bangi. Anga ya Marekani iko chini ya sheria za serikali kuu, na kwa rubani bangi ni marufuku hata katika majimbo hayo.

Ukali huu una sababu. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa marubani 10 wenye uzoefu sigara ya bangi, kisha wakawajaribu kwenye mtambo wa kuigiza urushaji. Saa 24 baadaye marubani hao walikuwa bado wanatatizika kuilenga ndege katikati ya njia ya kutua, ilhali wenyewe walijihisi wako sawa kabisa. Mimi hilo la mwisho ndilo linalonitia baridi.

Hapa Kenya, anayetaka leseni ya biashara hupimwa na daktari aliyeidhinishwa na halmashauri ya usafiri wa ndege, KCAA, apate cheti cha afya cha daraja la kwanza. Hakipatikani mara moja kikaisha. Hupimwa tena kila baada ya miezi 12 au mapema zaidi. Kwa hivyo kama kijana wako bado anavuta, usilipe karo mwaka huu.

Na hata kama haguzi, mpeleke akapimwe kabla ya kulipa chochote. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na karo, na daktari atakagua pia macho, masikio na moyo, mambo yanayoweza kumrudisha nyumbani hata kijana asiyewahi kuona msokoto wa bangi.