Je, Wajua? Kitufe Kisichoandika Chochote

Bonyeza Shift peke yake na skrini haitabadilika. Kitufe hiki kiliingia katika mashine za kuchapa mwaka 1878, kwenye Remington namba 2, na wakati huo kilikuwa na kazi ya mikono hasa: kilisogeza kigari kilichobeba karatasi ili kinyundo kilekile, chenye herufi ndogo na kubwa, kipige upande wa herufi kubwa. Siku hizi hakuna kinachosogea, na kazi yote imebaki kuwa taarifa. Kibodi ya kawaida ya USB hupeleka kwa kompyuta ripoti ya baiti 8. Herufi na vitufe vingine vimetengewa nafasi 6 tu, lakini baiti ya kwanza nzima ni ya Shift na wenzake, biti moja kwa kila kitufe: Ctrl ya kushoto ni 1, Shift ya kushoto ni 2, na kuendelea hivyo hadi Alt ya kulia yenye 64 na kitufe cha nembo cha kulia chenye 128. Shift, Ctrl na Alt si herufi. Ni hali, ama kitufe kimeshikwa ama kimeachwa, na programu inayoisoma vibaya hali hiyo huharibu herufi inayofuata. Ukisikia ikisemwa kwamba Kiembu au Kimeru ni lugha ngumu kuchapa, mara nyingi lawama hiyo inastahili kupelekwa kwa programu.

Kiswahili kina vokali 5, na kibodi yoyote ya Kiingereza inakitosha. Kiembu na Kimeru vina 7: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Mtu kwa Kiembu ni mũndũ, neno la herufi tano linalohitaji viwimbi (~) viwili. Kwenye mpangilio wa Marekani, kiwimbi kiko chini ya Esc, nawe hukipata kwa Shift. Kaa mbele ya mashine yenye mpangilio wa Uingereza, bonyeza palepale, utapata alama ya ¬, kwa sababu kiwimbi kimehamia karibu na Enter. Kuna pia mpangilio wa Marekani uitwao wa kimataifa, ambao kiwimbi chake husubiri herufi inayofuata ndipo kiikalie juu. Katika Windows kiwimbi hicho hukubali a, n na o tu, herufi za Wareno na Wahispania. Ukijaribu i, huzitoa zote mbili zikiwa zimetengana, na jina la lugha linasomeka K~iembu. Kimeru ndicho kinachoumia zaidi: K~im~ir~u. Chukua mpangilio wenye jina hilohilo kwenye Linux, gusa vitufe vilevile, na ĩ inatoka safi. Kidole ni kilekile na baiti zinazotoka kwenye kibodi ni zilezile, kwa hiyo tofauti haiwezi kuwa katika lugha. (Herufi ĩ na ũ hazikuwamo katika orodha kuu ya herufi za kompyuta, ISO 8859-1, ya mwaka 1987. Ziliingia katika ISO 8859-4 ya mwaka 1988 kwa ajili ya tahajia ya zamani ya Greenland, ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuiacha mwaka 1973. Herufi za miteremko ya Mlima Kenya zilipata nafasi kwenye kompyuta kwa hisani ya watu wa barafu.)

Aliyechoshwa na kiwimbi hutafuta au hutengeneza mpangilio unaoweka ĩ kwenye AltGr, yaani Alt ya kulia, na i, na ũ kwenye AltGr na u. Hapo anakutana na hitilafu maarufu. Kibodi yenyewe husema ukweli: 64, Alt ya kulia, basi. Lakini Windows, kwa desturi ya tangu zamani ya kuhesabu Ctrl na Alt kwa pamoja kuwa sawa na AltGr kwa ajili ya kibodi zisizo na kitufe hicho, huongeza Ctrl ya kushoto ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Sasa fikiria maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa mara moja ili programu nyingi ziuazime, ambayo huuliza swali moja tu: je, Ctrl imeshikwa? Jibu ni ndiyo. Ctrl na i ni amri ya kulaza maandishi, Ctrl na u ni ya kuyapigia mstari. Mwandishi aliyetaka mũndũ anaona ũ imemezwa na maneno yake yamepigiwa mstari, naye anajilaumu kwamba hajui kuchapa. Maktaba ya GLFW, inayotumiwa sana na watengenezaji wa michezo ya kompyuta, imelikabili jambo hili kwa ujanja mzuri. Ikipokea Ctrl ya kushoto, huchungulia ujumbe unaofuata katika foleni, na ukiwa ni wa Alt ya kulia wenye muda uleule, hujua Ctrl ile ni ya bandia na kuitupa.

Zipo hitilafu nyingine za ukoo huohuo. Katika mfumo wa X11 wa Linux, kila tukio la kitufe huja na hali ilivyokuwa kabla tu ya tukio hilo. Unapobonyeza Shift, ripoti inasema Shift haijashikwa. Unapoiachia, inasema imeshikwa. Msanidi asiyejua hili huona kila kitu kikiwa nyuma kwa hatua moja na kuanza kurekebisha mahali pasipo na kosa. Kisha kuna Alt inayokwama. Unaruka kwenda dirisha jingine kwa Alt na Tab, unaiachia Alt ukiwa huko, na dirisha la kwanza, ambalo halikuiona ikiachwa, linaendelea kuamini kuwa imeshikwa. Dawa yake ni programu kutojiwekea kumbukumbu yake ya hali: ifute inayoijua kila mtumiaji anapohamia dirisha jingine, kisha iulize mfumo upya.

Watabisha wengine kwamba watu wa Meru na Embu huandikiana kila siku bila kiwimbi na huelewana. Ni kweli, kwa kuwa msomaji anaijua lugha na hujaza pengo mwenyewe. Mashine haina akili hiyo. Kwa utafutaji unaolinganisha herufi kwa herufi, mundu na mũndũ ni maneno mawili, na kamusi, vitabu vya watoto na miswada ya redio huingizwa kwa kibodi, si kwa kubonyeza kwa muda mrefu kwenye simu. Wengine watasema soko ni dogo mno kwa msanidi kujisumbua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 Embu, lakini hata hoja hiyo si ya lazima. Mjerumani huandika @ kwa AltGr na Q, Mpolandi huandika ą kwa AltGr na a, na Ctrl ya bandia huwasumbua vilevile. Anayeirekebisha kwa ajili ya Runyenjes kule Embu ameirekebisha kwa ajili ya Warszawa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba AltGr iachwe kabisa na ĩ ipewe kitufe chake. Linux tayari ina mpangilio wa Kikuyu, unaotumia herufi hizohizo. Ni njia nzuri, ila Ĩ ya mwanzo wa sentensi bado itataka Shift, na maktaba inayotambua kitufe kwa nafasi yake badala ya herufi iliyotolewa itakosea tena.

Kabla ya kugusa msimbo, inafaa kutazama matukio ghafi. Kwenye Linux yenye X11, fungua xev, programu inayoonyesha matukio hayo, bonyeza kitufe kilichochapwa Alt Gr, usome jina linalotokea. Likiwa ISO_Level3_Shift, kitufe kinafanya kazi yake na kosa litafutwe kwenye maktaba. Likiwa Alt_R, kompyuta imewekewa mpangilio usiotumia AltGr, kama ule wa kawaida wa Marekani, na hakuna mstari hata mmoja wa msimbo unaohitaji kubadilishwa.