Mkazo katika Maneno Marefu ya Kiingereza Yenye Asili ya Kiyunani

Msemaji wa Kiswahili akutanapo na neno refu la kisayansi la Kiingereza hulitia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya lugha yake. Msikilizaji Mwingereza huweza kushindwa kumwelewa, ingawa kila herufi imetamkwa.

Tulitazame neno "photograph". Limeundwa kwa mashina mawili ya Kiyunani, moja la nuru na jingine la kuandika, na mkazo wake u mwanzoni: PHO-to-graph. Likiongezwa kiishio -y, mkazo husogea: pho-TOG-ra-phy. Likipewa -ic, husogea tena: pho-to-GRAPH-ic. Kinachoamuru, basi, ni kiishio, wala si maana ya mashina. Maneno yaishiayo na -logy, -graphy, -metry na -nomy huwa na mkazo katika silabi ya tatu kutoka mwisho. Yale ya -ic, katika silabi itanguliayo kiishio hicho. Wakaidi ni wachache, na mmojawapo ni somo la hesabu lenyewe: a-RITH-me-tic.

Hapo ndipo mgawanyo wa maana na mgawanyo wa silabi huachana. Maana hukata neno kuwa "photo" na "graphy". Ulimi hukata kwingine, na irabu zilizokosa mkazo hufifia, jambo lisilotokea katika Kiswahili. Ajabu zaidi ni "speedometer". Sehemu ya kwanza ni Kiingereza, ya mwisho ni Kiyunani, na ile "o" ya katikati imetiwa ili kuziunganisha tu. Haina maana yoyote, lakini ndiyo ibebayo mkazo: speed-OM-e-ter, sawa na ther-MOM-e-ter.

Inafaa kukumbuka kwamba Wayunani wenyewe hutamka "biologia" kwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Asemaye "biolojia" kwa Kiswahili yu karibu nao kuliko Mwingereza asemaye bi-OL-o-gy.

Wenye lugha nao hawakubaliani daima. Wako wasemao KIL-o-me-tre, wakifuata "centimetre" na "millimetre". Wengine, nao ni wengi, husema ki-LOM-e-tre, kwa kuwa masikio yao yamezoea majina ya vyombo kama "thermometer". Wa kwanza wana hoja bora zaidi, kwani kilomita ni kipimo wala si chombo cha kupimia.