Kivuli cha Mchumaji: Maneno Machache juu ya Mapumziko ya Msimu



Msimu unapokaribia, ukurasa huu huwa na habari za majamvi, magunia na bei. Safari hii naomba rukhsa tuzungumze juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni mapumziko. Najua wapo watakaocheka na kusema kwamba Katibu amekosa la kuandika, karafuu zataka kupasua maua naye atuambia tukalale. Lakini nawaomba msome kwanza, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Wazee wetu walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hii twapenda sana kuitaja tunapomhimiza kijana aende juani, na ile nusu ya pili, ya kivuli, tukaiahirisha mpaka msimu umalizike na fedha ziwe mkononi. Mimi naona kivuli kile ni cha kila siku, na asiyekipata kila siku huenda asifike mwisho wa msimu na viungo vyake vizima.

Tutazame siku ya mchumaji ilivyo. Huamka alfajiri, saa kumi na moja au kabla yake, akanywa uji, akashika njia ya shamba. Huwa juu ya mti mpaka alasiri, na mkarafuu si mnazi. Mti mzima hufika mita kumi na zaidi, na tawi lake, kama tujuavyo sote, huvunjika bila kumwonya mtu. Akirudi, kazi haijesha, maana vishada vyataka kuchambuliwa. Watu hukaa kwa taa mpaka saa tano au saa sita ya usiku, makonyo huku na karafuu huku. Kisha lazima mtu alale macho kwa ajili ya mvua na wezi. Alfajiri ya pili yuleyule hupanda tena, na kwa kuwa hulipwa kwa kipimo cha alichochuma, hapendi kushuka hata akiona kizunguzungu.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1997 wataalamu Dawson na Reid wa Australia walieleza kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake hufanya kazi kama za mtu mwenye ulevi wa asilimia 0.05 katika damu, kiasi ambacho katika nchi nyingi dereva haruhusiwi kushika usukani. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, saa zake 17 hutimia saa nne ya usiku. Basi anayechambua baada ya hapo, na glasi hajapata kuigusa maishani mwake, huchambua kama mlevi, na makonyo yanayobaki ndani ya karafuu ndiyo ushahidi.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2003 huko Marekani, kwangu mimi unatisha zaidi. Watu waliolala saa sita tu au chini yake kila usiku kwa siku 14 walidhoofika sawa na waliokesha hata siku mbili nzima bila kufumba jicho, na wengi wao hawakutambua, wakidhani wamekwisha zoea. Nasi siku zote husema kwamba fulani amezoea. Yupo juu ya mti, amezoea, na tawi halina habari ya mazoea yake.

Sasa tuulize, mapumziko ni nini? Wengi hudhani ni kulala tu. Kulala ndiko kwenye nguvu zaidi, wala hakuna badala yake, lakini mwili una machovu ya namna nyingi na kila moja lina dawa yake.

Namna ya kwanza ni ile tuliyorithi, usingizi mfupi wa adhuhuri, tulioambiwa chuoni kuwa ni kailula. Hata katika Sura ya An-Nur saa ya adhuhuri imetajwa kuwa ni wakati watu wawekapo nguo zao kando, jambo linaloonyesha kuwa tangu hapo ilikuwa saa ya faragha na kupumzika. Wenzetu wa Marekani waliwajaribu marubani wa safari ndefu. Walipopewa dakika 40 za kujinyoosha, walilala kama dakika 26 kwa wastani, na waliobaki bila kulala walikuwa wazito zaidi kuliko wao. Basi nusu saa chini ya mwembe, baada ya kula na kusali, yatosha. Ikipita sana mtu huamka mzito, na huyo asipande mpaka uzito umtoke.

Namna ya pili ni kushuka tu, hata bila kulala. Mikono iliyoshika tawi tangu asubuhi hutetemeka, na jua hunyonya maji ya mwili kabla mtu hajasikia kiu. Dafu moja, au maji pamoja na chakula chenye chumvi kidogo, na kukaa kivulini mpaka jasho likauke. Mwenye shamba asiyeweka mtungi wa maji chini ya miti, sijui anatarajia nini.

Namna ya tatu ni ya moyo, nayo ndiyo twaipenda: baraza, bao, kahawa na kashata, soga na vicheko. Hili si upuuzi, maana mtu aliyecheka na wenzake hulala vizuri. Ila kahawa ina hesabu yake, na hapa nasema kama mpenzi wake mkubwa. Kwa watu wengi, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Finjani za baada ya isha humchelewesha mtu kulala mpaka usiku mkubwa. Tuiweke iwe ya alasiri. Na vijana wetu wa dago, ambao zamani usiku walihadithiana ngano, siku hizi kila mmoja ana simu usoni mwake. Wanadhani wanapumzika, na macho yao bado yanafanya kazi.

Nimewaacha mabibi nyuma, lakini khasa kwa ajili yao nimeandika. Mama wa nyumba huamka kabla ya mchumaji na hulala baada yake. Uji wake, chakula cha wachumaji chake, kuchambua kwake, kuanika kwake, na mtoto akilia usiku ni wake pia. Kumwambia mtu huyu apumzike ni maneno matupu ikiwa hakuna atakayeshika sufuria. Pumziko lake halipatikani ila mtu mwingine aondoe kazi moja mikononi mwake. Kijana aliyekwisha kurudi shamba aweza kuteka maji, na mume aweza kuzigeuza karafuu jamvini. Hakuna aliyevunjiwa heshima kwa hayo.

Wapo watakaosema kwamba karafuu haingoji, ikifunguka maua thamani imekwenda, nazo vishada vikilazwa lundo hupata joto, zikachacha na kugeuka nyeupe. Ni kweli yote mawili, na mavuno yakiwa makubwa siku huwa chache. Lakini mti mmoja hauivi kwa siku moja. Twaurudia mara kadhaa katika msimu. Tukiwateremsha wachumaji mapema kidogo alasiri, uchambuzi mwingi utafanywa kwa mwanga wa jua, lundo halitalala, na makonyo yataonekana. Mchumaji aliyechoka huvunja matawi, na tawi lililovunjika leo halitazaa mwakani. Mwenye kuhesabu pishi za leo tu hajahesabu hiyo.

Basi nimeazimia kuyaleta haya mbele ya mkutano wa wanachama kabla ya msimu. Nitauliza mambo matatu: kwamba katika mashamba yetu asiwepo mtu juu ya mti kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane mchana, wala baada ya mvua mpaka matawi yakauke, kwamba anayelinda majamvi usiku asipande mti siku ya pili, na kwamba Ijumaa iwe ya kupumzika, isipokuwa kuanika. Juu ya malipo ya saa zile za kushuka, najua patakuwa na mabishano, maana mchumaji ataona amepunguziwa. Mwenye shauri juu ya hilo, na khasa waliokodi mashamba, amletee Katibu kwa maandishi au kwa mdomo. Baada ya alasiri nipo, ila ile nusu saa ya adhuhuri mlango utakuwa umefungwa.