Rangi ya Maabara Inayotibu Ng'ombe

Je, wajua kwamba ethidiamu, rangi inayoifanya DNA ing'ae kwa rangi ya chungwa maabarani, ni dawa ya ng'ombe? Tangu miaka ya 1950 mifugo barani Afrika imekuwa ikidungwa dawa hiyo, kwa jina la homidiamu, kutibu ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o.

Bonde la Lambwe, Homa Bay, linamjua vyema mdudu huyo. Vichaka vya hifadhi ya Ruma bondeni humo ni makazi yake. Kati ya 1980 na 1984 malale, ugonjwa wa binadamu unaoenezwa na mbung'o huyohuyo, yalilipuka bondeni. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma Kenya. Nagana ya mifugo, hata hivyo, ingalipo, na baadhi ya vimelea Afrika vimeshakuwa sugu kwa homidiamu.

Kimelea chenyewe, tripanosoma, ni kiumbe cha kustaajabisha. Mbali na DNA ya kiini, kina maelfu ya pete ndogo za DNA zilizopitiana kama pingili za mkufu. Pete za nduguye, Leishmania, ndizo zilizowaonyesha watafiti wa Marekani mwaka 1982 kwamba DNA inaweza kupinda yenyewe: kwenye jeli ya umeme vipande vya pete hizo vilijikokota kuliko vipande vingine vya urefu uleule. Ethidiamu hujipenyeza kati ya vidato vya DNA, na pete za tripanosoma hushindwa kujinakili.

Kujipenyeza huko ndiko kunakotumika kusaka dawa mpya. Mtafiti huchanganya DNA ya pete hizo na ethidiamu katika sahani yenye vishimo 96, kisha hutia molekuli moja moja. Mng'ao ukififia, huenda molekuli imeifukuza ethidiamu. Nasema huenda, kwa sababu zipo molekuli zinazozima mwanga bila kugusa DNA. Ndiyo maana DNA hupashwa moto pia: nyuzi za ile iliyoshikwa barabara kwa kawaida huchelewa kuachana.

Jaribio ninaloliona muhimu kuliko yote ni kurudia hayo kwa DNA ya kawaida. Molekuli inayoshika kila DNA inaweza kumdhuru ng'ombe pamoja na kimelea. Inayotafutwa ni ile inayozishika pete na kumwacha mnyama salama.