Mtoto Aliyetoweka Katikati ya Imla

Niruhusuni nianze kwa kuungama kosa. Kazi yangu ni kufundisha. Miaka saba iliyopita nilikuwa na mtoto mmoja wa darasa la tatu, mwana wa mama auzaye ndizi sokoni, ambaye nilimhesabu kuwa mkaidi kuliko wenzake wote. Nilipokuwa nikisoma imla, yeye aliinua kalamu na kukodoa macho ukutani. Nilimwita jina, asiitike. Nilimwita mara ya pili, asiitike. Kisha ghafula aliinama na kuendelea kuandika, kana kwamba mimi sikusema neno. Darasa zima lilicheka. Nami nilichukua fimbo nikampiga vidoleni. Si siku moja tu, bali juma baada ya juma.

Siku moja mama yake alikuja kunitafuta baada ya masomo. Nilidhani amekuja kulalamika. Hakulalamika. Alisimama mlangoni, akanisalimu kwa heshima, akasema: «Mwalimu, mpige kama unavyoona inafaa, lakini naomba usimpige kichwani. Kichwa chake ndicho kinachomsumbua.»

Nilimpa kiti. Hapo akanieleza mambo ambayo hakupata kumwambia mtu. Nyumbani pia mtoto huganda hivyo hivyo, kikombe mkononi, uji ukimwagika. Bibi yake, mzaa baba, alikuwa amesema kwamba wakati ule roho ya mtoto huenda kula watu usiku wa mbali. Mara mbili walimpeleka katika chumba cha maombi, wakamfungisha siku tatu bila chakula ili akiri ulozi wake. Mume alianza kulala kwa ndugu zake. Na mama mwenyewe alikuwa hajahudhuria kilio wala arusi kwa muda wa miaka miwili, kwani hakuna jirani aliyekubali kubaki na mtoto huyo hata saa moja. «Kila mtu huniuliza nimemkosea nani,» alisema. «Hakuna aniulizaye kama nimelala.»

Nilipeleka habari hiyo kwa mwuguzi mmoja ninayefahamiana naye. Hakunipa maneno mengi, alinipa kazi: nihesabu. Kila mara mtoto akodoapo macho, nipige mstari mmoja katika daftari langu, tena nimguse begani nione. Mtoto mwenye mawazo ya mbali ukimgusa hushtuka na kurudi. Wangu hakurudi. Nilimgusa, nikamtikisa, macho yalibaki wazi, midomo ikichezacheza kidogo. Zikapita sekunde kumi, naye akaendelea na sentensi mahali alipoiacha. Asubuhi moja tu nilipata mistari 21. Ndipo nilipofungua daftari lake la imla la mwaka mzima. Kila ukurasa ulikuwa na matundu: maneno matatu, kisha hakuna kitu, maneno manne, kisha hakuna kitu. Na juu ya kila tundu palikuwa na wino wangu mwekundu.

Kumbe kilikuwa kifafa, lakini si kile cha kuanguka na kutoa povu ambacho sote twakijua. Kuna kifafa kingine ambacho akili huzimika kwa kitambo kidogo kama taa ikatikayo umeme, mtoto akiwa amekaa au amesimama. Huanza mara nyingi kati ya miaka 4 na 10, na mtoto mwenyewe hajui kwamba kimempata. Jambo moja la kuangaliwa: fenobarbitali, dawa ya zamani ipatikanayo katika vituo vingi vya afya, husaidia sana kifafa cha kuanguka, lakini hiki cha kuganda hakisaidii. Kwa hiyo haifai kumeza vidonge vya jirani. Lazima daktari amwone mtoto na kuchagua dawa.

Katika Injili ya Marko kuna baba aliyemleta mwanawe aangukaye motoni na majini. Sitaki kuifafanua hapa, hiyo ni kazi ya mapadri. Naonyesha neno moja tu: kabla ya kumponya, Bwana Yesu alimwuliza yule baba ni tangu lini mtoto amekuwa hivyo. Hakuuliza ni nani aliyemroga, wala wazazi walitenda dhambi gani. Kila mganga mwema huanza na swali hilo hilo.

Wala msidhani kwamba desturi ya kutafuta mwenye hatia ni yetu Waafrika peke yetu. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliojitenga na watu kama kwamba hawawaoni, waliotaka kila kitu kikae mahali pake daima, na wengine wao hawakusema kabisa. Hali hiyo leo huitwa usonji. Basi, kwa miaka mingi wataalamu wenye vyeti vikubwa walifundisha kwamba sababu yake ni mama mwenye moyo baridi. Akina mama walirudi nyumbani na mzigo huo juu ya mzigo wa mtoto. Mmoja wa watu waliowapinga kwa nguvu alikuwa mwenyewe baba wa mtoto wa namna hiyo, Bernard Rimland. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilionyesha kwamba chanzo ki mwilini, katika ubongo, wala si upungufu wa mapendo. Huko walisema moyo baridi, huku twasema ulozi. Hukumu ni moja, na anayeibeba ni mama yule yule.

Kwetu Kongo sheria imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yatoa adhabu ya kifungo kwa mwenye kumshtaki. Ni vema. Lakini sheria haipiki uji, wala haimshiki mtoto mkono mama yake aendapo kuchota maji.

Sasa, ni nini kifanyikacho katika nyumba? Mtoto aangukaye awekwe mbali na mafiga, maana moto umewaunguza wengi. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko wala kidole kinywani. Mate yake hayaambukizi. Mwenye kuogopa povu aogopa bure. Kikipita dakika tano, mkimbizeni hospitali. Dawa imezwe kila siku, wala isikatwe ghafula hata kama mtoto aonekana mzima, kwa sababu kifafa hurudi kwa ukali. Na yule asiyetulia, avunjaye, apiganaye, au akojoaye kitandani tangu alipoona vita? Fimbo humzidishia. Mpeni amri moja fupi kwa mara moja, mkiwa karibu naye; saa ya kula na ya kulala isibadilike; akifanya jema hata dogo, msifuni papo hapo. Naandika hayo mepesi, lakini nimeyajaribu darasani na najua yachosha.

Tena kuna mahali pa kupelekwa. Mafrere wa Karita, shirika lililoanzishwa na padri Petrus Jozef Triest kule Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, walifungua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Sosame mjini Bukavu mwaka 1994. Na tangu mwaka 2008 Shirika la Afya la Dunia limetoa mafundisho yanayowawezesha hata wauguzi wa kawaida kutambua na kutunza magonjwa hayo, bila kungoja daktari wa pekee.

Mtoto wetu alipata dawa. Haikuwa mwujiza: mistari 21 ikawa miwili au mitatu, na miezi ambayo dawa ilikosekana matundu yalirudi katika daftari. Nilijifunza kusoma kila sentensi ya imla mara mbili, darasa zima likapata faida. Baba alirudi nyumbani, ingawa bibi hajanisamehe mpaka leo.

Lililobaki lilikuwa uchovu wa mama. Tulilizungumza katika shirika letu la mtaa, na kwa kweli wengi walinyamaza. Mwishoni jamaa tatu zilikubali, mojawapo ni yangu: kila moja ingemchukua mtoto Jumamosi moja, zamu kwa zamu. Mke wangu alifundishwa la kufanya akiganda, yaani kuokoa kikombe na kungoja. Jumamosi ya kwanza mama alimleta asubuhi, akageuka mara tatu njiani kumtazama. Tulidhani amekwenda sokoni. Jirani yake alituambia baadaye kwamba alikwenda nyumbani kwake, akafunga mlango, akalala tangu saa nne mpaka jua lilipokuwa likitua.