Kabla ya Kuuliza Mshahara wa Ujerumani, Uliza Kifungu

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira jijini Berlin, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakishuhudia. Siku hiyo hiyo zikasambaa habari kwamba Wakenya 250,000 wangeajiriwa huko. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha upesi: makubaliano hayakutaja idadi yoyote, na kila atakayekwenda sharti atimize masharti ya sheria ya wahamiaji wenye ujuzi.

Kanusho halikwenda mbio kama uvumi. Mawakala bado wana shughuli tele, na swali la kwanza wanaloulizwa ni mshahara. Ni swali halali. Ila kwa anayetaka kwenda akakaa, akapata ukaazi wa kudumu na hatimaye uraia, kuna swali linalopaswa kutangulia: kibali changu kitatolewa chini ya kifungu kipi?

Linasikika kama swali la mawakili, lakini ndilo linaloamua miaka. Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani imegawa vibali kwa vifungu. Kijana anayekwenda kama au pair, kulea watoto katika familia ya wenyeji, hupewa kibali kisichozidi mwaka mmoja. Anayejitolea katika kituo cha wazee ana kifungu chake. Anayefanya Ausbildung, yaani kusoma darasani huku akifundishwa kazini, yuko chini ya 16a. Muuguzi aliyehitimu Kenya lakini cheti chake hakijatambuliwa huingia kwa 16d: anafanya kazi kama msaidizi wa wauguzi huku akijiandaa kwa mtihani au kozi ya kuziba mapengo ya masomo. Cheti kikishatambuliwa ndipo anapovuka kwenda 18a, kifungu cha wenye ujuzi wa mafunzo ya kazi. Wenye shahada huwa na 18b au Kadi ya Bluu ya Ulaya.

Katika wodi moja unaweza kuwakuta wa 16a, wa 16d na wa 18a wakipokezana zamu. Kazi ya usiku inawachosha sawasawa. Lakini ile miaka inayohitajika kwa ukaazi wa kudumu wa wenye ujuzi haihesabiwi kwa wote. Wauguzi wawili wakipanda ndege moja, mmoja akafaulu mtihani wa utambuzi mapema na mwingine akakwama kwenye lugha miaka miwili, yule wa pili atakuwa nyuma kwa muda huo wote, hata kama hakukosa kazi siku moja.

Masharti yenyewe si siri. Mwenye 18a au 18b anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3, akiwa amechangia mfuko wa pensheni kwa miezi 36, ana Kijerumani cha kiwango cha B1, kazi inayolingana na ujuzi wake na nyumba inayoitosha familia. Aliyehitimu Ausbildung au chuo kikuu ndani ya Ujerumani husubiri miaka 2 tu baada ya kupata kibali cha mwenye ujuzi, kwa michango ya miezi 24. Mwenye Kadi ya Bluu anahitaji miezi 27, inayopungua hadi 21 akifikia B1.

Hapo kwenye pensheni ndipo wageni wengi wanapolalamika. Fungua hati ya mshahara ya kila mwezi utakuta mstari wa makato ya pensheni: asilimia 9.3 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Kwa mshahara wa euro 3,000, mfanyakazi anakatwa euro 279. Mgeni wa juzi huona ameibiwa, mwenyeji wake humwambia, "Hizo usizililie, ndizo zinazokuhesabia miezi." Ni kweli. Afisa wa uhamiaji hatakuuliza umetuma kiasi gani nyumbani. Atataka taarifa ya michango kutoka mfuko wa pensheni.

Ukaazi wa kudumu hubadilisha pia uhusiano na mwajiri. Mwanzoni, kibali huandamana na karatasi ya ziada iliyoandikwa jina la mwajiri na aina ya kazi, na kuhama kunahitaji idhini. Bosi mkorofi anajua hilo. Ukaazi wa kudumu ukitoka, jina la mwajiri linaondoka, na mtu anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ya halali, hata kufungua biashara yake. Una mtego mmoja: ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 bila ruhusa, kwa kawaida unapotea. Aliyerudi kijijini kusimamia ujenzi wa nyumba anapaswa kulikumbuka hilo.

Uraia hauna mtego huo. Tangu tarehe 27 Juni 2024, muda wa kuishi unaotakiwa ulipungua kutoka miaka 8 hadi 5. Njia ya mkato ya miaka 3 kwa waliojumuika vyema zaidi katika jamii ilifutwa mwaka 2025. Mwombaji awe anajitegemea kimaisha, awe na B1, na afaulu mtihani wa maswali 33, ambapo majibu sahihi 17 yanatosha. Ada ni euro 255 kwa mtu mzima. Mwaka 2024 watu takriban 292,000 walipewa uraia, idadi iliyovunja rekodi, na foleni katika miji mingi bado ni ndefu.

Mageuzi hayo ya 2024 yalileta jambo jingine: Ujerumani iliacha kumtaka mwombaji aukane uraia wake wa zamani. Kwa Mkenya, milango yote miwili sasa iko wazi, kwa kuwa Katiba ya 2010 inamlinda mzaliwa anayechukua uraia mwingine. Anachodaiwa ni kuiarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi 3, na ajue kwamba Katiba inawazuia maafisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania anayefanya kazi kando yake hana nafasi hiyo. Berlin haimwambii tena aache chochote. Ni sheria ya kwao ndiyo inayomwondolea uraia akichukua wa nchi nyingine akiwa mtu mzima. Serikali ya Tanzania imekataa uraia pacha na badala yake imeandaa hadhi maalumu kwa wenye asili ya nchi hiyo, ambayo haimrudishii mtu kura.

Basi wakala akikutajia euro, msikilize. Kisha mwulize: kifungu ni kipi, nani atagharamia utambuzi wa cheti, mtihani utafanyika lini, na nikishindwa kibali changu kitakuwaje? Asiyeweza kujibu hayo anakuuzia tiketi ya ndege tu.